Jiwe la Waarmenia Lilivyofika Mkwajuni

Wenzangu wa kwaya, nanyi majirani mlionilishia kuku, kila mmoja ameniuliza kwa zamu yake nilikuwa wapi siku zote zile, na kila mmoja nimemjibu, "Mkwajuni, kikazi," kisha nikaingia ndani kulala. Sasa mgongo umeanza kunisamehe. Nimekaa niandike mara moja, msome wote, mkimaliza msiniulize tena.

Kwa atakayesoma bila kunifahamu: mimi ni Ezekia Nzowa, Mnyiha wa Vwawa, fundi wa makaburi. Namwaga zege, nasugua terazo, nachonga majina. Umri wangu ni ule ambao mtu akiinama kuokota patasi anaangalia kwanza kama kuna kingine cha kuokota huko huko chini, asije akainama mara mbili. Kwa hiyo mjue toka mwanzo kwamba safari hii niliianza nikiwa nimechoka, na yaliyofuata hayakunipumzisha.

Tunduma

Aliyenitafuta ni mama mmoja wa Ndola, Zambia, aliyetaka jiwe la kumbukumbu lipelekwe Mkwajuni na kusimamishwa huko na fundi anayejua Kibemba. Mimi ujana wangu niliumalizia Kopabeti, huko huko Zambia, nikisugua sakafu za watu, Kibemba ninacho. Mambo ya simu na karatasi za mpakani nayaruka, hayana utamu.

Nilifika Tunduma saa mbili asubuhi. Mgeni wangu alifika saa tisa alasiri. Saa zote hizo nilikuwa kando ya foleni ya malori, vumbi linaniingia masikioni, nakula chapati na maharage, kisha chapati nyingine kwa kukosa la kufanya. Pikapu yake ilipotokea hatimaye, alishuka bibi wa Kizungu, mfupi, wa miaka sabini na kitu, amejifunga kitenge, miguuni raba za shule. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kasha la mbao limefungwa kamba. Kwa urefu lilikuwa jeneza kabisa. Kwa uzito lilizidi jeneza.

Wapakizi walilizunguka, wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Mmoja akamwambia mwenzake kwa Kibemba, akidhani bibi hasikii, kwamba mama huyu amemkausha mume wake, sasa anakuja kumtupa Tanzania.

Bibi akamgeukia. Akamjibu kwa Kibemba cha sokoni, tena cha haraka kuliko chake: "Mume wangu yuko Ndola, mzima, na anakula kukuzidi wewe. Humu mna jiwe, mukwai. Shika upande ule."

Walicheka mpaka wakaishiwa nguvu za kubeba, ikabidi tusubiri tena. Ndivyo nilivyokutana na Mama Araksi. Kuanzia pale yote aliyoniambia aliniambia kwa Kibemba, nami nawaandikia kwa Kiswahili. Yeye aliniita Ba Fundi safari nzima.

Kasha lilihamia kwenye Fuso ya Dismas, dereva Mnamwanga wa Ndalambo. Dereva mzuri. Kasoro yake ni moja: ana ndugu kila kituo, na hajawahi kumpita ndugu bila kumsalimia.

Kabla hatujaondoka niliuliza, "Mama, jiwe limeandikwa nini?"

"Limeandikwa kila kitu," akasema. "Kiarmenia juu, Kiswahili chini. Kuna rafiki yangu Ndola aliwahi kuishi Dar, ndiye aliyenitafsiria."

"Tufungue nilione?"

"Limefungwa kwa majani na mablanketi, Ba Fundi. Tukifungua hapa tutafunga saa ngapi?"

Nikatazama kamba zile, nikatazama jua, nikasema basi. Mkumbuke kwamba nilisema basi. Fundi wa makaburi halali na maandishi asiyoyasoma, na mimi nililala nayo safari nzima kwa uvivu wa kufungua mafundo.

Mlowo

Tulikuwa tupite Mlowo bila kusimama. Dismas akasema shemeji yake amefiwa na mama, atoe mkono wa pole dakika tano.

Aliingiza Fuso mpaka karibu na turubai la msiba. Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye mikeka wakainua vichwa, wakaona gari kutoka Tunduma, wakaona kasha. Kumbe kulikuwa na mtoto wa marehemu anayeishi Zambia, simu yake haijapokelewa tangu jana. Mnaelewa kilichotokea. Kilio kilichopanda pale sijakisikia siku nyingi. Mwanamke mmoja alipanda kwenye tairi, akalikumbatia kasha, akaliita jina la kaka yake. Mimi nikapiga kelele, "Ni jiwe! Ni jiwe, jamani!" na wengine wakaelewa kwamba marehemu amegeuka jiwe, wakalia zaidi.

Ilichukua muda. Huyo kaka mwenyewe alifika kwa basi saa moja baadaye, akakuta watu wanamkumbatia kwa nguvu isiyo ya kawaida. Dismas aliona aibu, akasema hatuwezi kuwaachia watu mshtuko ule tukaondoka hivi hivi. Tukae mpaka kesho tuzike nao. Nani angebisha?

Mama Araksi hakulalamika. Alivua raba zake, akaenda kukaa mkekani na akina mama. Walimletea kande, akala. Walipoanza kuosha vyombo, alikunja mikono ya blauzi akaosha nao. Nilikuwa karibu, nikitafsiri huku nasinzia, pale mama mmoja mnene alipomuuliza, "Na wewe umefiwa na nani, mpaka unatembea na jiwe?"

"Babu yangu, mzaa mama."

"Lini?"

"Kabla sijazaliwa."

Wakatazamana. Kisha yule mama mnene akamsogezea beseni lingine. "Basi umechelewa kidogo, mwenetu," akasema. "Lakini umekuja. Kaa."

Tulizika siku ya pili mchana. Nilishika koleo kama wengine, sikuweza kukaa tu. Mgongo ulianzia hapo.

Mbalizi

Mbalizi tuliacha lami, tukanunua maji, mkate na ndizi, na mvua ikaanza. Tukajibanza chini ya kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, mzee mchangamfu, akauliza tunapeleka nini, kwa nani. Nikamwambia ni jiwe la kumbukumbu la Waarmenia.

"Wa Arumeru!" akasema, akafurahi. "Nimewahi kufika. Arusha kule, ndizi tupu."

"Siyo Arumeru, mzee. Waarmenia."

"Ndiyo hao hao. Ndizi zao huchelewa kukomaa, wale." Na akaniuzia mifuko mitatu ya saruji akiamini nakwenda Arusha kwa njia ya Mkwajuni. Sikuwa na nguvu za kumrudisha.

Nikamweleza Mama Araksi kilichosemwa. Alitabasamu, lakini kidogo. Akasema Ndola watoto wenzake shuleni walimwita Mgiriki, baadaye Myahudi, baadaye Mhindi mweupe, na mama yake alimwambia awaache waite, kwa sababu kueleza ni kazi ndefu, na mtu hawezi kueleza kila siku halafu akapata nafasi ya kuishi.

Galula

Toka milimani kwenda bondeni hewa inabadilika kama umefungua tanuri. Barabara ilikuwa matope juu, mashimo chini yake. Hatua chache kabla ya Galula gari lilitoa mlio, likainamia kushoto. Dismas akashuka, akaingia uvunguni, akatoka anapangusa grisi. Senta bolti, ile inayobana springi pamoja, imekatika, na majani mawili ya springi yamekwenda nayo. Alipanda pikipiki kurudi Mbalizi kutafuta nyingine. Akarudi siku ya pili jioni. Huko alikuwa na binamu.

Siku mbili hizo mimi na Mama Araksi tulikaa kwa mama ntilie mmoja aliyetuonea huruma. Asubuhi chai na mihogo, mchana ugali na samaki wa Ziwa Rukwa, jioni ugali na samaki wale wale. Mama Araksi alifinyanga tonge vizuri kunishinda, akachambua miiba bila kutazama. Na hapo, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya zaidi ya kufukuza nzi, alinieleza jiwe ni la nini. Nilikuwa sijauliza. Katika kazi yangu mtu huwa haulizwi habari za marehemu wake, husubiriwa.

Babu yake aliitwa Hagopu. Alizaliwa mbali sana, katika nchi iliyokuwa chini ya dola ya Osmani, ile ya Waturuki, kwenye mji wa Waarmenia wenye mashamba ya zabibu. Katika miaka ya vita vile vya kwanza vya dunia, watawala wa dola ile waliamua kuwamaliza Waarmenia. Wanaume walikusanywa kwanza, wakapelekwa nje ya mji, wakauawa. Wanawake, wazee na watoto wakaambiwa watembee. Walitembezwa wiki kwa wiki kuelekea jangwani, bila chakula, bila maji, na aliyekaa chini hakuinuka tena. Hagopu alikuwa na miaka sita au saba. Dada zake wawili walifia njiani. Siku moja, kwenye kisima, mama yake alimsukumia mikononi mwa mwanamke wa Kiarabu aliyekuja kunywesha mbuzi, akaendelea kutembea bila kugeuka nyuma.

"Bila kugeuka?" nikauliza.

"Angegeuka, mtoto angemfuata," akasema Mama Araksi.

Yule mwanamke wa Kiarabu alimnywesha maziwa, akamficha. Baadaye alilelewa kwenye nyumba ya yatima, akajifunza ushonaji wa viatu, akafika Misri. Kule akasikia kuna dhahabu Tanganyika. Alishuka mpaka huku Mkwajuni na wachimbaji wengine wa mataifa mbalimbali, pamoja na mke wake, yatima Mwarmenia kama yeye. Alikuja kuchimba dhahabu, akachimbiwa kaburi: homa ilimchukua yeye, mtoto wao wa kike akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Familia moja ya hapo kijijini ilimchukua mjane na mtoto, wakakaa nao msimu mzima wa mahindi, mpaka walipopata njia ya kwenda kwa Waarmenia wengine Ndola. Yule mtoto ndiye mama yake Araksi. Alifariki juzijuzi, mzee sana, na neno lake la mwisho lenye maana lilikuwa kwamba baba yake amelala Mkwajuni bila alama, na watu wale wa mahindi hawajashukuriwa.

"Kwa hiyo jiwe ni la babu?" nikauliza.

"La babu peke yake ningeliweka Ndola bustanini. Hili ni la wote. Waliouawa, waliokimbia, na waliofungua mlango. Nataka lisimame njiani, mtu akipita na ndoo yake alisome."

Alisema hivyo akitazama barabara, hakuwa analia. Nadhani naye alikuwa amechoka, uchovu wa zamani kuliko wangu.

Mkwajuni

Tulifika siku iliyofuata, mchana, pikipiki zikipishana nasi kama nzige. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaonyesha mahali: kando ya njia ya sokoni, kwenye ukuta mfupi wa makaburi ya wachimbaji wa zamani, ambayo mengi hayajulikani ya nani. Watu wanane walishusha kasha. Mkutano ukapangwa kesho yake asubuhi, jiwe lifunguliwe mbele ya watu. Kwa mara nyingine niliona kasha limefungwa, kwa mara nyingine nilikwenda kulala.

Asubuhi walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Tukakata kamba, tukatoa majani na mablanketi, tukalisimamisha jiwe kwa kuliegemeza ukutani. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Jiwe la kijivu kilichokoza, juu msalaba uliochongwa kama mti wenye majani, pembeni pande zote mkanda wa nakshi iliyosukwa kama mkeka. Mama yake Araksi ndiye aliyeichora ile nakshi kwenye karatasi kabla hajafa. Watu wakasema aaah.

Mwenyekiti akamwomba mwalimu wa shule ya msingi, dada mmoja mwenye sauti nzuri, asome Kiswahili kwa wasiosoma. Akasogea, akasoma kwa sauti:

"Kumbukumbu ya Waarmenia walioua..."

Akasimama. Akarudia polepole, "Walioua... na waliokimbia. Na ya wenyeji waliowapokea."

Mimi nilikuwa nimeshaona. WALIOUA. Yule rafiki wa Ndola alikuwa amekata silabi moja. Waliouawa wamegeuka wauaji, na wakakimbia, na sisi tukawapokea.

Minong'ono ikaanza nyuma, ikaja mbele. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Walioua nani?" Mwingine akajibu, "Si Wajerumani hao! Armenia, Ujerumani, ni kitu kimoja." Hapo pakachafuka. Wajerumani huku hawajasahaulika. Mwenyekiti aliinua mikono, uso umemwiva, akanigeukia mimi. "Fundi, mimi kwenye simu nilisikia Waarmenia nikadhani ni dhehebu. Kumbe mnatuletea sanamu la wauaji, tena mnasema tuliwaficha?"

"Mama," nikamwambia Araksi kwa Kibemba, "jiwe lina kosa. Halisemi wameuawa. Linasema wameua."

Alinitazama kama hajasikia. Kisha akakaa juu ya mfuko wa saruji.

"Nimebeba jiwe kutoka Ndola," akasema, "kuja kuwaambia watu kwamba babu yangu ni muuaji."

Nimewahi kukosea herufi kwenye kaburi, nikaomba radhi, nikalipa marumaru, yakaisha. Sijawahi kuona mtu akikaa vile. Nikawaza mafundo yale ya kamba Tunduma, ambayo ningeyafungua kwa robo saa.

Basi nikasimama mbele ya watu. Si mhutubu mimi, mnanijua hata kwenye kwaya nakaa nyuma. Nikasema kosa ni la herufi mbili, na ni langu, kwa sababu ndimi fundi na sikusoma. Nikawasimulia Hagopu. Nikawasimulia kisima. Nilipofika pale mama aliposukuma mtoto akaendelea kutembea, yule mwalimu alishika mdomo. Nilipomaliza, Mwenyekiti alikuwa anakuna kidevu.

Ndipo akasimama bibi mmoja, mwembamba, wa miaka themanini na zaidi, anatembelea fimbo. Wanamwita Bibi Skola. Hakupaza sauti.

"Mimi hao watu nawaonea huruma," akasema. "Mtoto asukumwe kwa mgeni, hilo silitaki hata kulisikia. Lakini niulize. Vita hivyo hivyo vya Wazungu, babu yangu alikuwa anapalilia. Wakaja askari, wakamfunga kamba kiunoni na wenzake, wakawatwika mizigo. Tengatenga. Hakurudi. Hapa Mkwajuni waliokwenda ni wengi, na hakuna aliyeletewa hata mfupa. Sasa jiwe linatoka Ndola, linapita vijiji vyote, linakuja kusimama kwetu, la watu wa mbali. Sisi wetu wako wapi?"

Nilianza kumtafsiria Mama Araksi. Akanizuia kwa mkono. Alikuwa amelisikia neno lile, tengatenga. Zambia wanalo pia, wazee wa Kibemba waliobebeshwa mizigo ya vita ile waliitwa hivyo hivyo. Akasimama, akamwendea Bibi Skola, akaongea naye kwa Kibemba, naye bibi akimjibu Kiswahili, mimi katikati nikikimbia huku na huku kwa maneno.

"Mwambie," akasema Araksi, "nyuma ya jiwe hakuna kitu."

"Nyuma kuna ukuta," nikasema.

"Basi lisikae ukutani. Lisimame peke yake, lisomwe pande zote mbili. Nyuma ni kwao." Kisha akanitazama. "Unaweza, Ba Fundi?"

Ningeweza kusema jiwe la aina ile linakula patasi. Ningeweza kutaja mgongo. Watu wote walikuwa wananitazama, na Dismas nyuma yao ananifanyia ishara ya kichwa kwamba tuondoke zetu. Nikasema naweza.

Herufi mbili na majina tisa

Kazi ya kwanza ilikuwa WA. Neno WALIOUA lilijaza mstari toka ukingo hadi ukingo, hapakuwa na nafasi hata ya nukta. Nafasi pekee ilikuwa juu ya nakshi. Nikamwonyesha Mama Araksi: nikiongeza herufi, nitaukata mkanda aliouchora marehemu mama yake.

Alipitisha kidole pale, mara mbili.

"Kata," akasema.

Nilikata. Herufi zile mbili ni ndogo kuliko nyingine na zimeingia ndani ya nakshi kama mtu aliyejipenyeza kwenye benchi lililojaa. Mtu yeyote akiliona atajua kwamba hapo palikosewa pakarekebishwa. Sikuweza kulificha, na Mama Araksi alikataa nijaribu.

Kisha msingi mpya, katikati ya nafasi, mbali na ukuta. Kuchimba, kokoto, zege, kusubiri likauke kwenye joto lile. Vijana wa kijiji walinisaidia, lakini kuchonga hakuna msaidizi. Siku nne nilikaa kwenye kigoda nyuma ya jiwe, na watu wakaja kutaja majina. Wengine walikuja na ugomvi, ndugu wawili wakibishana babu alikuwa nani hasa. Wengine walikuja wakiwa hawana uhakika, wakaenda kuuliza vijiji vya jirani, wakarudi. Waliniletea karanga, ndizi, uji, na siku ya tatu kuku mzima wa kuchoma ambaye Dismas alimmaliza. Majina yaliyothibitika yalikuwa manane. Bibi Skola alikuja wa mwisho.

"Babu yako aliitwa nani?" nikamuuliza, patasi mkononi.

Akaegemea fimbo kwa mikono yote miwili.

"Silijui jina lake," akasema. "Mama yangu alikuwa mtoto mdogo walipomchukua. Alimwita baba. Na bibi yangu alikufa mapema, hapakuwa na wa kumuuliza. Mama mpaka anakufa alisema tu, baba, baba."

Katika kazi yangu yote sijawahi kuombwa nichonge mtu asiye na jina. Nikamtafsiria Mama Araksi aliyekuwa amekaa karibu akinywa chai. Akaweka kikombe chini. Akamshika Bibi Skola mkono, wakazunguka polepole mpaka mbele ya jiwe, nami nikawafuata. Chini ya msalaba kulikuwa na mstari wa maandishi ya Kiarmenia, yale ambayo sisi wote tuliyaona kama nyayo za ndege. Akaweka kidole juu ya neno moja baada ya jingine.

"Hawa ni watu wa babu yangu waliokufa njiani. Huyu dada yake mkubwa. Huyu dada yake mdogo. Na huyu wa mwisho," akasema, "hakuandikwa jina. Hapa imeandikwa 'mama', basi. Babu alikuwa mdogo. Alimwita mama. Alikua katikati ya watu na hakuwahi kumpata wa kumwambia jina lake."

Nikatafsiri.

Bibi Skola aliliangalia lile neno ambalo hakuna hata mmoja wetu angeweza kulisoma. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe."

Nikarudi kwenye kigoda changu, nikachonga jina la tisa: BABA YAKE MARIA. Maria ndiye mama yake Bibi Skola.

Asubuhi ya kurudi

Njia ya kurudi siwasimulii. Nililala toka Mkwajuni mpaka Mbalizi, kichwa kikigonga mlango wa Fuso, na nikaambiwa tulisimama kwa binamu, sikumbuki. Mama Araksi tulimvusha Tunduma wapakizi wale wale wakimwita mayo, yaani mama. Ameshapiga simu, amefika salama, miguu imemvimba.

Ila asubuhi ile, injini imeshawashwa na mwalimu na wanafunzi wake wanatupungia, Bibi Skola akaja kwa haraka zake za fimbo, akanigongea mlango. Akaniambia jana alisahau kuuliza kitu. Nikashuka, kila kiungo kikipiga kelele.

"Mimi sikusoma," akasema. "Nionyeshe yuko wapi, nisije nikawa naongea na babu wa mwingine."

Nikamchukua mpaka nyuma ya jiwe. Nikaushika mkono wake, nikakiweka kidole chake kwenye herufi ya kwanza, nikakipitisha taratibu mpaka ya mwisho. Vumbi la mchongo lilikuwa bado limo ndani ya herufi, likabaki kwenye ncha ya kidole. Akarudia mwenyewe mara tatu, mpaka alipohakikisha kwamba akija peke yake hatapotea.

Kisha akaegemeza fimbo kwenye jiwe, akapiga goti moja kama mtoto wa kike anavyomsalimia mkubwa, kwa shida, nikimshika bega. Kwanza aliongea Kibungu, lugha ya kwao, maneno machache. Halafu, nadhani kwa heshima yangu mimi mgeni, akayasema kwa Kiswahili:

"Pole na safari, babu."